Kabla hujavaa huo mkufu wa vichwa, hesabu kwanza

Watu wananitumiaga sana picha, "mtaalamu hii ni ya wapi?", na nikiona vichwa vidogo vya mbao vimepangwa kwenye uzi pamoja na shanga najua tunaenda kuongelea makabila ya Wanaga, hasa kabila la Wakonyak wa wilaya ya Mon, jimbo la Nagaland, huko kaskazini mashariki mwa India mpakani na Myanmar.

Mimi huwa nauliza, vichwa vingapi? Maana zamani hiyo ilikuwa hesabu kweli. Mwanaume aliyeleta kichwa cha adui ndio alikuwa na haki ya kuning'iniza kichwa kifuani, cha mbao au cha shaba, na mwenye vitatu au vinne watu walimpisha njia. Ukivaa bila kustahili nani utamdanganya, kijiji chenyewe kidogo wote mnajuana! Na sio sifa za ukatili tu jamani, waliamini kichwani ndio kuna nguvu ya uhai, sasa ukikileta nyumbani ile nguvu inaingia mashambani, kwenye mifugo, mpaka kwa wanawake wapate watoto, yani kile kisura cha mbao kilikuwa kama risiti ya baraka ya kijiji kizima. Ndio maana unakikuta pia kwenye vikapu walivyobeba mgongoni, na kwenye nguzo za morung, lile bweni la vijana wa kiume, hapo kimechongwa pamoja na chui milia na hondohondo.

Wamisionari wa Kibaptisti walishaanza kazi kwa Wanaga tangu 1872, serikali nayo ikapiga marufuku kukata vichwa vya watu, ila kwa Wakonyak wa ndani kabisa mambo haya yalifika hadi miaka ya 1960. Vitu vingi vya Wanaga vikaishia Uingereza, makumbusho ya Pitt Rivers pale Oxford wana rundo.

Siku hizi vichwa vinachongwa vipya vya kuuzia watalii. Cha zamani geuza nyuma: kimelainika kwa kusuguana na kifua miaka na miaka, na tundu la uzi limelika upande wa juu. Kipya kimepakwa masizi mbele kizeeke, nyuma wanasahau.

Mimi mwenyewe nilipigwa, mkufu wa kwanza kununua ulikuwa na vichwa vitano, nikajiona nimempata shujaa. Kuugeuza nyumbani, alama za kisu mbichi kabisa.