Kabla ya kulipa amana ya uzamili wa biashara ng'ambo

Msimu wa maombi ya Septemba ukifika, dawati letu la ushauri wa masomo hapa Malindi hupokea malalamiko ya aina moja: mzazi ameshalipa amana, ndipo anakuja kuuliza kama kozi inamfaa mwanawe. Swali hilo lilipaswa kutangulia malipo.

Juzi alikuja mama mmoja wa Mkomani, Lamu. Alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi, barua ya udahili ameitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Bintiye amemaliza digrii ya kwanza mwaka jana na hajawahi kuajiriwa. Barua ilisema MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara. Nikafungua ukurasa wa pili: udahili ni wa masharti, na sharti mojawapo ni miaka mitatu ya kazi. Wakala aliyemtafutia chuo alimwonyesha ukurasa wa kwanza tu.

MBA ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi. Shirika la AMBA la London, linalotoa ithibati kwa programu hizo, linataka mwanafunzi awe na angalau miaka mitatu kazini. Aliyetoka chuoni jana atafute MSc, yaani uzamili wa sayansi, ya usimamizi, fedha au uhasibu. Ithibati nyingine za kuangalia ni AACSB na EQUIS, ambazo hupewa skuli nzima ya biashara. Orodha zote tatu zimo mtandaoni bila malipo, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa wakala akusomee. Na chuo kujibu maombi haraka, hata ndani ya siku mbili, si dalili ya ubora wake.

Kwa Uingereza, ambako wengi wanaelekea, zingatieni fedha. Mbali na karo iliyobaki, mwombaji wa viza ya masomo huonyesha fedha za kujikimu: pauni 1,529 kwa kila mwezi akisomea London, au 1,171 nje ya London, kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa kozi ya mwaka mmoja London hizo ni pauni 13,761. Fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya stetimenti isiwe imepita siku 31 unapowasilisha ombi. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mzazi wake. Ikiwa ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Akaunti ya ami au mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyekulea, isipokuwa awe mlezi wako kisheria. Tunajua huku kwetu karo ni jambo la ukoo mzima. Basi ukoo uchange mapema, fedha ziingie kwa mzazi, na mwenye kukopesha asizidai siku ya kumi.

Stetimenti ya kughushi inaweza kumfungia mwombaji mlango wa viza za Uingereza kwa miaka 10, hata kama aliyeighushi ni wakala. Kusema "sikujua" hakutoshi.

Kuna pia ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na cheti cha kupimwa kifua kikuu. Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa kawaida, yaani wa kufundishwa na si wa utafiti, haruhusiwi kuandamana na mume, mke wala watoto. Wenye ndoa changa walifikirie hilo kwa dhati. Muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya masomo ni miaka miwili, lakini kwa maombi ya kuanzia Januari 1, 2027 utakuwa miezi 18.

Marekani hutoa miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, na 24 zaidi kwa kozi zilizosajiliwa kuwa za sayansi na hisabati. Baadhi ya kozi za biashara zimo, kama takwimu za biashara. Ulizeni chuo, tena kwa maandishi.

Yule mama tuliketi naye tukaandika barua ya kuomba bintiye ahamishiwe MSc katika chuo hichohicho, na amana ihesabiwe huko. Jibu bado halijafika. Mkija kwetu, leteni kurasa zote za barua ya udahili, risiti ya amana, na kile kifungu cha kurejeshewa fedha, ambacho aghalabu huwa mwishoni kwa maandishi madogo.