Akaunti ya Dola 50,000 Ina Dola Ngapi?

Kila tunapokutana na watu wanaofanya biashara ya fyucha, yaani mikataba ya kununua au kuuza kitu siku ya baadaye kwa bei iliyokubaliwa sasa, swali huwa lile lile: kampuni gani ya propu ni nzuri? Muulizaji tayari ana kurasa nne zimefunguka kwenye simu, kila moja ikitangaza punguzo lake. Mimi humwomba azifunge zote abaki na ukurasa mmoja tu, ule wa masharti ambao hakuna anayeusoma, kisha anitafutie tarakimu moja: kikomo cha hasara.

Kampuni za propu hujitangaza kuwa zinawapa matreda mtaji, lakini hazikukopeshi kitu. Zinakuuzia mtihani. Unalipa ada, mara nyingi ya kila mwezi, unapewa akaunti ya majaribio yenye lengo la faida, na ukilifikia bila kuvunja masharti unahamishiwa akaunti iliyofadhiliwa, ambako faida hugawanywa na wewe ukachukua asilimia 80 au 90. Kwa akaunti ya dola 50,000, lengo huwa karibu dola 3,000 na kikomo cha hasara dola 2,000 hivi. Ukipoteza hizo 2,000 akaunti imekufa, hata kama skrini bado inasoma 48,000. Ulichonunua, basi, ni nafasi ya kukosea ya dola 2,000. Nyingine zote ni pambo la tangazo.

Zipime hizo 2,000 sokoni. Mkataba mmoja wa E-mini S&P 500, unaofuata faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani na kuuzwa kwenye soko la CME la Chicago, ni dola 50 kwa kila pointi. Pointi 40 zikienda kinyume chako, umeunguza akaunti, na faharasa hiyo huweza kutembea pointi 40 katika siku isiyo na habari yoyote kubwa. Mkataba mdogo wa Micro E-mini, ulioanza mwaka 2019, ni dola 5 kwa pointi. Hapo una pointi 400 za kupumua. Treda aliyepiga hesabu hii huanza na Micro na wala haoni aibu.

Swali la pili ni kikomo hicho kinakaa wapi, na hapa ndipo kampuni zinapoachana kweli kweli. Kuna kikomo kilichotulia, kisichosogea kamwe. Kuna kinachopandishwa mara moja kwa siku, soko likishafunga, kufuatana na salio lako. Na kuna kinachokufuata kila sekunde, kikihesabu hata faida ambayo hujaifunga.

Chukua mfano. Umenunua mkataba mmoja wa E-mini ukiwa na salio la 50,000, kikomo kiko 48,000. Soko linapanda pointi 20. Skrini inaonyesha faida ya dola 1,000. Unangoja zaidi. Soko linageuka, linashuka pointi 24 kutoka kileleni, nawe unafunga dili kwa hasara ya pointi 4, yaani dola 200. Ukiacha kamisheni pembeni, salio ni 49,800. Kwa kampuni inayohesabu jioni, kikomo bado kiko 48,000 na una dola 1,800 mkononi. Kwa ile inayokufuata kila sekunde, kikomo kilipanda na ile faida ya kupita hadi 49,000, na hakishuki tena. Umebakiwa na 800. Dili ni ile ile, ila mmoja wa matreda hawa wawili amepoteza zaidi ya nusu ya nafasi yake kwa sababu ya faida ambayo hakuipata. Ukikuta ada ya kampuni moja ni ya chini mno kuliko ya jirani yake, anza kutafuta sababu hapa. Tena usidanganyike na neno jioni: kikomo hukokotolewa jioni, lakini ukikigusa katikati ya siku, umekwisha.

Sharti la uwiano wa faida nalo huwashtua wengi. Kama siku yako bora haitakiwi kuzidi asilimia 50 ya faida yote, na siku moja ulipata 1,800, basi lengo lako si 3,000 tena bali 3,600. Likiwa asilimia 30, ni 6,000.

Halafu kuna kutoa hela, ambako mgawo wa asilimia 90 unaweza kuwa na thamani ndogo kuliko wa 80. Angalia ni siku ngapi za faida zinazodaiwa kabla ya ombi la kwanza, kiwango cha juu cha kila ombi, na kinachotokea baada ya kulipwa. Kampuni nyingi hukisimamisha kikomo kikifika kwenye salio la kuanzia. Sasa una 52,600, kikomo kiko 50,000. Ukitoa 1,500 unabaki na 1,100 za kukosea, yaani pointi 22 za E-mini. Ndiyo maana akaunti nyingi hufa wiki ile ile ya sherehe.

Ada nyingine zijumlishe kabla hujaanza: ya kurudia mtihani, ya kufungua akaunti iliyofadhiliwa, na ya data ya bei. Ukihamishiwa soko halisi unaweza kuhesabiwa kuwa mtumiaji wa kitaalamu wa data hiyo, na CME hutoza watu hao zaidi ya dola 100 kwa mwezi.

Akaunti nyingi zinazoitwa za kufadhiliwa bado ni za majaribio, zisizogusa soko halisi, na unachotoa hulipwa kutoka mfuko wa kampuni, ambao hujazwa kwa sehemu kubwa na ada za walioshindwa. Huo si wizi, lakini ada yako haina kinga ambayo sheria ya Marekani huipa fedha ya mteja aliyoiweka kwa dalali wa fyucha, inayotengwa na fedha ya dalali mwenyewe. Agosti 2023, CFTC, tume inayosimamia masoko hayo, iliishitaki My Forex Funds, kampuni ya propu ya upande wa sarafu. Mali zilizuiwa, shughuli zikasimama. Mwaka 2025 mahakama iliifuta kesi na kuiadhibu tume yenyewe kwa mwenendo wake. Kwa matreda waliokuwa wakingoja malipo, karibu miaka miwili ilikuwa imeshapita.

Kabla ya kulipa ada, iandikie huduma kwa wateja ya kila kampuni unayoilinganisha swali hili: nikiwa na 52,600 nikatoa 1,500, kikomo changu cha hasara kitakuwa kwenye tarakimu gani? Jibu lihifadhi pamoja na nakala ya masharti ya siku hiyo, maana masharti haya hubadilishwa mara kwa mara. Asiyeweza kukujibu kwa tarakimu, mtoe kwenye orodha.