Motisha Haiji Kwanza

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii imetoka kwa mtu makini, mwenye kazi ngumu anayoimudu vizuri: “Cha kufanya nakijua. Tatizo ni motisha. Nikiipata tu, utaniona.” Mimi ni mshauri wa saikolojia, na kauli hiyo huingia chumbani kwangu kwa sura nyingi. Huja na mwenye tasnifu iliyolala, na aliyeanza mazoezi akaacha, akaanza tena akaacha, na anayetaka kuachana na sigara. Siwakasirikii wanaoisema. Ninaowakasirikia ni waliowafundisha. Kuna biashara nzima iliyojengwa juu ya imani hii: wazungumzaji wa majukwaani, video za alfajiri, picha za milima zenye maandishi makubwa. Zote zinakuambia ujazwe ari kwanza, halafu ari ikubebe. Ukitoka hapo umewaka kweli, lakini ni nguvu ya soda. Siku chache baadaye umerudi pale pale, na sasa una mzigo wa ziada: unaamini una kasoro.

Huna kasoro. Umefundishwa kuanza na kile ambacho kwa kawaida huja baadaye. Hamu ya kuendelea na jambo, kwa sehemu kubwa, huzaliwa na kulifanya. Mtu huanza akiwa hajisikii, hufanya kidogo, na hamu humkuta njiani. Anayekaa kuisubiri atasubiri sana.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka kwenye matibabu ya sonona. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza mzunguko ambao kila aliye katika fani hii anaujua: mtu anaacha shughuli zilizokuwa zikimpa raha au fahari, kwa kuziacha anakosa kile zilichokuwa zikimpa, anazidi kunywea, kisha anaacha na nyingine. Tiba iliyokua kutokana na wazo hilo haianzi kwa kumchangamsha mgonjwa. Inaanza na ratiba. Tunakaa naye, tunachagua jambo dogo, tunaandika siku na saa, analifanya akiwa vilevile alivyo, halafu anaandika alijisikiaje baada ya kulifanya. Mwaka 2006 Sona Dimidjian na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 241 wenye sonona. Kwa wale ambao hali yao ilikuwa nzito zaidi, tiba hiyo ilisaidia sawa na dawa. Hawa ni watu ambao ugonjwa wenyewe umewapokonya hamu, na bado kutenda kabla ya hamu kuliwasaidia. Wewe uliye mzima unasubiri nini?

Naongeza haraka, kabla mtu hajaichukua aya hiyo na kwenda kumsimanga ndugu yake: kumwambia mgonjwa “jikaze” si tiba. Mpango ule hufanywa na mtaalamu aliyekaa naye, kwa hatua anazoziweza. Na kama kwa wiki mbili au zaidi umepoteza hamu ya karibu kila kitu, hata vile ulivyovipenda, usingizi umeharibika na chakula hakipiti, basi tatizo lako si malengo. Muone daktari.

Sasa nije kwenye lile linalonikera hasa.

Watu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni uzito wa jambo lenyewe kwako: kwamba unataka kweli kuhitimu, kwamba afya ya moyo wako ina maana kwako na kwa wanao. Hilo hubadilika polepole, na bila hilo hakuna kitakachodumu. La pili ni unavyojisikia alfajiri kengele inapolia. Hilo hupanda na kushuka kwa sababu ya usingizi, njaa, ugomvi wa jana, mvua iliyo nje. Mtu anaamka hajisikii, anahitimisha kwamba hataki vya kutosha, kisha anakwenda kutafuta wa kumkumbusha kwa nini anataka. Sababu alikuwa anazijua tangu mwanzo! Angeweza kukuhesabia saa hiyohiyo. Anaongezewa kile alicho nacho tele, na kile alichopungukiwa hakiguswi.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha utafiti ambao ningependa kila mzungumzaji wa majukwaani aubandike ukutani. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu na kuangalia nani angefanya walau zoezi moja zito la dakika 20 ndani ya wiki. Kundi la kwanza halikupewa chochote cha kulisukuma. La pili lilisoma maelezo ya kuhamasisha kuhusu ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilisoma maelezo yaleyale, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia zoezi. Katika kundi la kwanza waliofanya walikuwa asilimia 38. Katika kundi la tatu, asilimia 91. Na wale waliohamasishwa bila kupanga? Asilimia 35. Nia yao ilipanda walipoisoma ile karatasi, walitaka kweli, lakini miguu haikwenda popote.

Soma hesabu hiyo mara mbili kabla hujalipia tiketi ya semina nyingine.

Walichopungukiwa watu wa kundi la pili ni kiungo kati ya kutaka na saa ya kutenda. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kukichunguza kiungo hicho. Umbo lake ni rahisi: nikifika pale, au likitokea lile, nitafanya hivi. Uamuzi umeshafanywa ukiwa umetulia, kwa hiyo saa ikifika hakuna mjadala wa kuufungua. Na mjadala ndio unaotuua. Anayejiuliza “je, leo najisikia?” ameshaacha mlango wazi, na jibu la mtu aliyechoka linajulikana.

Ila kuna kupanga na kupanga. Mteja akiniletea mpango wake, mara nyingi umeandikwa hivi: “Kila jioni nitaandika tasnifu.” Namuuliza, jioni ni saa ngapi? Anasema inategemea. Inategemea nini? Akishafika nyumbani, akishapumzika. Hapo kwenye kupumzika ndipo tasnifu inapofia, maana mapumziko hayana mwisho unaojulikana, hakuna kengele inayolia kukuambia sasa umetosheka. Kwa hiyo tunatafuta tukio linalotokea kila siku, atake asitake, lenye mwisho unaoonekana kwa macho. Mpango unageuka kuwa: “Nikishafuta meza ya chakula cha jioni nakaa palepale, nafungua faili la sura ya tatu, naandika sentensi moja chini ya ile ya mwisho.”

Sentensi moja. Hapa wengi hupinga, wanaona nawachezea. Lakini ukubwa huo umepimwa. Sentensi moja ni ndogo kiasi kwamba hata siku mbovu haiwezi kuizuia, na mtu akishaiandika yumo tayari ndani ya sura yake, anaona kosa kwenye aya ya juu, anakumbuka jedwali alilosahau, na nusu saa inapita. Zipo siku ataandika hiyo moja na kufunga. Nazo zinahesabika, na simruhusu mteja kuziita siku za kushindwa. Kabla ya kufunga namtaka aache pa kushikia kesho: sentensi iliyokatika katikati, au swali analopaswa kulijibu. Dakika ngumu kuliko zote ni zile za kutazama ukurasa bila kujua uanzie wapi, na hizo zinaweza kuondolewa jana yake. Simu inakaa chumba kingine. Si kwenye mfuko, si kifudifudi mezani.

Kuhusu nidhamu: wale unaowaona wana nidhamu ya chuma, mara nyingi hawapambani na nafsi zao kama unavyodhani. Brian Galla na Angela Duckworth walionyesha mwaka 2015, katika mfululizo wa tafiti, kwamba watu wenye uwezo mkubwa wa kujitawala hufanikiwa kwa kiasi kikubwa kupitia mazoea mazuri. Jambo limeshakuwa desturi, hawaligombanii tena. Kwa hiyo ukiniambia “mimi sina nguvu ya nia kama fulani,” nitakuuliza kwanza meza yake imepangwaje na siku yake inaanzaje.

Na ile kauli kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21? Hapana. Namba hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Kuzoea pua mpya si kujenga mazoea ya kukimbia, na hata yeye alisema angalau. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia moja ndogo aliyoichagua, kama kula tunda au kutembea. Muda wa kati wa tabia kuota mizizi ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ulitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Sasa 66 nayo imeshaanza kubandikwa ukutani kama amri. Tafadhali. Ile 254 yenyewe ni makadirio, kwa kuwa utafiti ulikoma siku ya 84. Cha kubeba hapo ni kwamba tofauti ni kubwa mno, na kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Anayeruka Jumanne akatupa wiki nzima amejiadhibu kwa sheria ambayo haipo.

Zawadi pia naipitia upesi. Kujizawadia hufaa kwa kazi ambayo haina ladha yoyote kwako. Kwa ile uliyoipenda kwa asili yake, angalia. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi watoto waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti, na baadaye, walipoachiwa huru, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Nisije nikaonekana nauza dawa nyingine ya kutibu kila ugonjwa. Ile asilimia 91 ni matokeo ya wiki moja, kwa wanafunzi, kwa zoezi moja. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2006, faida ya mipango ya namna hii ilionekana ya wastani hadi kubwa. Lakini uchambuzi wa mwaka 2013 ulioangalia mazoezi ya mwili peke yake ulipata faida ndogo, ya kweli ila ndogo. Mimi naitumia kila siku na bado sina uhakika inabeba kiasi gani katika lengo la miaka mitano, lenye kuhama nyumba, kuuguza mzazi na kubadili kazi ndani yake. Nyingi ya tafiti tunazozitegemea hazijamfuata mtu umbali huo.

Na kuna jambo gumu zaidi. Wakati mwingine kukosa hamu kunasema kweli. Lengo si lako. Ulilirithi kwa mzazi, au ulilichukua kwa rafiki aliyefanikiwa, au ulilipenda ukiwa na miaka ishirini na sasa umekuwa mtu mwingine. Kennon Sheldon na Andrew Elliot waliandika mwaka 1999 kwamba watu huendelea kujibidiisha kwa malengo yanayolingana na yale wanayoyapenda na kuyathamini kwa dhati. Sawa, nakubali. Lakini ukiwa umeketi mbele ya mtu aliyechoka, huwezi kujua kwa kumtazama kama amechoka na njia au amechoka na mahali anapokwenda. Maneno yao hufanana. Hakuna dodoso ninalolijua linaloweza kuwatenganisha kwa uhakika.

Ninachofanya ni hiki. Tunaupa mpango wiki kadhaa, wenye saa, mahali na hatua ndogo, na kila baada ya kufanya, mteja anaandika neno moja au mawili kuhusu alivyojisikia alipomaliza. Alivyojisikia kabla ya kuanza simuulizi kabisa. Kisha tunayasoma pamoja. Wengi wanakuta kwamba walianza kwa kununa na kumaliza wakiwa wameridhika, tena na tena, na hapo wanaacha wenyewe kuniomba motisha. Wengine ukurasa mzima hauna hata kipindi kimoja walichofurahia kukimaliza. Hao tunaliweka lengo lenyewe mezani, tunaulizana lilikuwa la nani, na wapo wanaolibadili na wapo wanaoliacha bila majuto. Wanabaki wachache ambao kurasa zao zimechanganyika, na hata mimi siwezi kuwaambia waendelee au waache. Kwao tunaongeza wiki nyingine chache kwa ratiba ileile, halafu tunasoma tena.