Vichupa vya peptaidi vinavyozunguka jimu za Mtwara: homoni inapanda, nguvu je?

Mi ni mfamasia hapa Mtwara. Msimu wa korosho uliopita kijana mmoja wa Chikongola alikuja dirishani na kichupa kakizungushia kipande cha kanga, barafu ilishayeyuka zamani maana kilitoka Dar kwa basi. Ndani unga mweupe umeganda chini, lebo inasema ipamorelin miligramu 5, moja ya hizo peptaidi, yani vipande vifupi vya protini ambavyo watu wa jimu wanajidunga wakitaka misuli, alafu kwa herufi ndogo mno, kwa kiingereza, eti ni kwa ajili ya utafiti, sio ya kutumia binadamu. Hayo maandishi hakuyasoma. Aliniuliza tu, "Dokta, nichanganye na maji kiasi gani?"

Hilo swali lenyewe ndo hatari ya kwanza. Ukiweka maji mililita 2, mstari wa 10 kwenye bomba la insulini unabeba mikrogramu 250, ukiweka mililita 1 mstari ule ule unabeba 500, yani umejidunga mara mbili na bomba linaonekana vilevile. Na hapo tunaiamini lebo, wakati hakuna aliyekagua kilichomo ndani wala kama kilifungwa bila vijidudu.

Hizi dawa hazina homoni ya ukuaji, zinaiamsha tezi ndogo chini ya ubongo iitoe kwa wingi. Ipamorelin na mwenzake GHRP-6 zinaiga ghrelini, homoni ya tumbo inayoleta njaa, iliyogunduliwa na wajapani mwaka 1999, ndo maana mtu akitumia GHRP-6 anakula kama katoka kulima. Homoni inapanda kweli kwenye damu, hilo sibishi. Ila homoni kupanda ni jambo moja na nguvu kuongezeka ni jambo lingine kabisa. Utafiti uliotoka Marekani 2008 uliwapa kidonge cha MK-677, kinachopita njia hiyohiyo, watu wazima 65 wenye afya, wa miaka 60 mpaka 81. Mwaka wa kwanza mwili usio mafuta uliongezeka kama kilo 1.1 hivi, na sehemu ya uzito huo ni maji, nguvu haikuongezeka, sukari ikapanda. Utafiti mwingine wa kidonge hichohicho kwa wazee waliovunjika nyonga ulisimamishwa mapema kwa sababu ya dalili za moyo kushindwa kufanya kazi. Ipamorelin yenyewe ilijaribiwa kwa waliofanyiwa upasuaji wa utumbo, faida ya maana haikuonekana.

Kuna ndugu mmoja wa dawa hizi aliyefanikiwa kwenye majaribio, tesamorelin, Marekani waliiruhusu 2010 kwa mafuta ya tumboni ya wanaoishi na VVU. Kwa ugonjwa huo, chini ya daktari, sio kwa kujaza kifua. Na wanaocheza mashindano wajue hizi zote ziko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni.

Yule kijana nilimpima sukari asubuhi kabla hajala, ikasoma 6.4, imepanda kidogo kuliko kawaida. Baba yake ana kisukari. Kumbe alishamaliza kichupa kimoja, tena wanachangia bomba na mwenzake, hapo ndo niliogopa zaidi maana homa ya ini na VVU hazingoji misuli ijae. Tuliwapima wote wawili.

Kama umeshajidunga, usione aibu. Njoo na kichupa chako, na ukiona miguu inavimba, vidole vinakufa ganzi, kiu haiishi au pale ulipochoma pamekuwa pekundu na pa moto, usisubiri kesho.