Yule ndama wa mbawala hajatupwa

Juzi mchana kijana wa jirani alinijia mbio, kifuani kakumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. "Shikamoo mzee. Tumemkuta kichakani nyuma ya mikorosho, peke yake. Mama yake kamtupa."

Nikafunua kanga. Ndama wa mbawala, yule swala wa vichakani, jike, pua imelowa, madoa meupe mapajani, masikio makubwa yamelazwa nyuma. Hakulia hata kidogo. Nikamwambia kijana: mwanangu, turudi naye palepale ulipomtoa, sasa hivi.

Sisi wa Rutamba, mkoani Lindi, tunapakana na msitu wa Litipo, na nimewafuatilia wanyama hawa miaka mingi, kazini na hapa nyumbani. Mbawala hatembei na mwanawe kama mbuzi. Hubeba mimba miezi sita, huzaa mtoto mmoja, kisha humficha kwenye kichaka kizito na kwenda zake malishoni. Anarudi kumnyonyesha tu, na akiwa pale hula kinyesi cha mtoto ili harufu isimwite chui. Ndama naye kazi yake ni kulala bila kutikisika. Hali hiyo huendelea hadi miezi minne hivi, ndipo aanze kuongozana na mama muda mrefu. Kwa hiyo ule upweke unaotutia huruma ndio ulinzi wake.

Tulimlaza kwenye majani yaleyale yaliyobonyea, tukakaa mbali, upepo ukitupiga usoni ili asitunuse. Giza lilipoanza kuingia nikamwona mama: hana pembe (kwa mbawala pembe ni za dume), anapiga hatua moja, anasimama, sikio moja mbele, jingine nyuma. Kijana akakohoa. Jike akabweka kama mbwa, mkia juu, weupe wake ukaonekana, akatoweka. Niliumia moyo kweli. Tulingoja bila kunong'ona hadi aliporudi, na ndama akainuka mwenyewe kwa miguu inayotetemeka, akasukuma kichwa chini ya tumbo la mama.

Ukimkuta ndama kama huyu shambani kwako, mwangalie kwa mbali, funga mbwa, palilia upande mwingine siku hiyo. Maziwa ya ng'ombe usimpe. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukiona damu, au mama amekufa kwenye mtego, hapo mwite afisa wanyamapori.

Kanga ya mama yake yule kijana bado iko kwangu, naifua kesho.