Taa ya Tairi Imewaka Baada ya Kubadilisha Matairi: Uliyoambiwa na Ukweli Wenyewe

Anayehamia viungani mwa Nairobi, Kamulu, Ruai au ndani kule Kitengela, hakai sana kabla barabara ya murram haijamshawishi kubadilisha matairi. Anayavua yale ya lami yaliyokuja na gari, anavalisha A/T yenye meno (tairi la lami na vumbi pia), analipa na kuondoka. Kabla hajafika mbali, kitaa cha njano kinawaka kwenye dashibodi: umbo la tairi lililo wazi juu, na alama ya mshangao katikati. Akirudi kuuliza, anajibiwa, "Hiyo ni kawaida, mkubwa. Kuna kitufe hapo chini ya usukani. Finya tu, itazima."

Kweli, itazima. Na ndiyo sababu ushauri huo una hatari.

"Kitufe hicho kinarekebisha presha"

Hakiongezi upepo. Katika magari mengi yenye kitufe hicho, kukifinya ni kuliambia gari kwamba upepo uliomo sasa ndio sahihi, liukariri, na lionye tu ukishuka kutoka hapo. Ukifinya tairi moja likiwa na PSI 26 (PSI ni kipimo cha upepo), gari linaichukua 26 kuwa ndiyo kawaida ya tairi hilo. Ni kama kumtambulisha mwizi kwa askari wa lango kuwa ni mgeni wako. Kesho akitoka na televisheni, hakuna atakayemuuliza kitu.

Kwa hiyo kazi yenyewe huja kabla ya kitufe. Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Gari likiwa limetoka Japani, utakuta nambari kama 230 ikifuatwa na kPa, kipimo kingine cha upepo, na wengi huishia hapo wakidhani haiwahusu. Igawe kwa 6.9: unapata PSI 33 hivi. Hiyo ndiyo ya kumwambia kijana wa petroli stesheni anapouliza "ngapi?", maana ukinyamaza atakuwekea 30 au 35 kwa mazoea, hata kama gari ni Vitz au Prado.

Tena ipimwe matairi yakiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi lililotambaa kwenye foleni ya Mombasa Road mchana lina joto, na upepo wenye joto hupandisha kipimo. Baada ya hapo ndipo ushike kitufe. Kwenye Toyota nyingi unakishikilia, swichi ikiwa imewashwa, mpaka taa ipepese polepole mara tatu. Mazda nyingi hutoa mlio. Volkswagen huwa nacho ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria au kwenye skrini. Kama hukioni, kitabu cha gari kitakuonyesha, na kama kitabu chote ni Kijapani, tafuta toleo la Kiingereza la modeli hiyo mtandaoni badala ya kubahatisha.

"Mfumo ni mmoja kwa magari yote"

Ipo mifumo miwili, na nusu ya mabishano ya gereji hutokana na kuichanganya.

Wa kwanza una sensa ndani ya kila gurudumu. Inapima presha yenyewe na kuirusha kwa redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Wa pili hauna sensa yoyote ya upepo. Unatumia vipimo vile vile vya breki za ABS (zinazozuia magurudumu kugoma) vinavyohesabu kasi ya kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo zaidi, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake katika umbali ule ule, na kompyuta inashuku.

Sasa fikiria ukibadilisha aina ya matairi kwenye gari la mfumo huu wa pili. Kila ilichokuwa imejifunza kuhusu matairi ya zamani kimekuwa uongo. Meno ni marefu, kuta ni ngumu, mzunguko ni mwingine. Lazima ifundishwe upya hata kama saizi iliyoandikwa ubavuni ni ile ile. Na haijifunzi gari likiwa limesimama. Honda, kwa mfano, huhitaji kama dakika 30 za kuendesha kwa jumla, katika mwendo wa kati ya kilomita 48 na 105 kwa saa. Foleni ya Jogoo Road jioni haitakusaidia. Southern Bypass asubuhi ya Jumapili itakusaidia.

Hapa pia ndipo tabia yetu ya kununua tairi moja moja inapoleta balaa. Tairi jipya la saizi 195/65R15 huwa na meno ya milimita 8 hivi. Likiwekwa pamoja na matatu yaliyobaki na milimita 2, limezidi kwa milimita 6 kwenye nusu kipenyo cha takribani milimita 317, karibu asilimia 2. Tofauti inayoletwa na upepo kupungua kwa kawaida haifiki hata asilimia 1. Gari haliwezi kujua kama unabana matumizi au una pancha.

"Presha ya kibandiko inafaa tairi lolote"

Hili ndilo ningependa wauzaji wa matairi walibandike ukutani. Kibandiko kiliandikwa kwa tairi la kiwandani. Ukibaki na tairi la kawaida la saizi ile ile na uwezo ule ule wa kubeba mzigo, kifuate. Lakini A/T nyingi zenye sura ya ubabe huwa na herufi LT kwenye maandishi ya saizi, maana yake zimeundwa kwa malori madogo. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. PSI 33 iliyotosha jana inaweza kuliacha limelegea leo, likichemka kwenye lami ukiwa umebeba familia na mizigo kwenda ushago.

Mwambie muuzaji akuonyeshe jedwali la mzigo la tairi hilo, linaloonyesha upepo unaohitajika kwa kila uzito. Wala usichukue ile presha ya juu kabisa iliyochongwa ubavuni ukadhani ndiyo ya kujaza. Hiyo ni mpaka wa kutovuka. Ukishapata kiasi kipya, ndicho cha kukaririsha gari. Mifumo mingine yenye sensa huonya kwa kiwango cha kiwandani tu, nayo haitakutetea tairi la LT likishuka kutoka 45 hadi 33.

Na ukipandisha saizi, mambo yanazidi. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803 hivi. Spidi mita ikisoma 100, umeshazidi kwa kama kilomita 3.

"Matairi mapya, sensa mpya"

Sensa hukaa kwenye rimu, kwa kawaida imeshikana na valvu. Tairi likitoka, yenyewe inabaki. Anayehitaji sensa ni aliyebadilisha rimu, au aliyevunjiwa na fundi aliyeingiza chuma cha kuvulia tairi pale pale kwenye valvu. Mwonyeshe mapema upande wa kuepuka.

Ila kuna suala la umri. Betri ya sensa imefungiwa ndani, haibadilishwi, na hudumu kati ya miaka 5 na 10. Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, na wengi hununua yaliyo karibu na mpaka huo kwa sababu ya bei. Gari linashuka Mombasa betri zikiwa zinakaribia kukata roho. Ukienda kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road kutafuta nyingine, ujue masafa ya redio: magari mengi ya soko la Japani hutumia megahezi 315, ya Uingereza 433. Sensa ya masafa mengine gari halitaisikia kamwe, na hata ile sahihi mara nyingi huhitaji mashine ya kuisajili.

Ukitaka kutofautisha, tazama taa. Magari mengi, taa ikiwaka bila kupepesa, upepo umepungua. Ikipepesa kama dakika moja kisha ikatulia, mfumo wenyewe una hitilafu, na hakuna kitufe kitakachotibu betri iliyokufa.

"Taa haijawaka, basi matairi yako sawa"

Kanuni ya Marekani, ambako mfumo huu umekuwa lazima kwa magari mapya madogo tangu Septemba 2007, inataka taa iwake presha ikiwa imeshuka kwa asilimia 25. Kutoka PSI 33, hiyo ni karibu 25. Unaweza kuzunguka na 27 mwezi mzima bila onyo. Na Japani haikulazimisha mfumo huu, kwa hiyo Fielder au Demio yako huenda haina kabisa. Taa ambayo haipo haitawaka.

"Inawaka asubuhi, inazima mchana, ni waya"

Ni baridi. Presha hushuka kama PSI 1 na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Ukijaza saa nane mchana Nairobi, asubuhi ya Julai kule Limuru taa inakuwa na haki yake.

"Run-flat na tairi la kawaida, yote yale yale"

Run-flat ni tairi lenye kuta ngumu linaloweza kutembea umbali mfupi bila upepo. Ukishaufundisha upya, mfumo wa taa haujali. Mfuko wako utajali. BMW nyingi zenye run-flat hazina spea wala mahali pa kuiweka, kwa hiyo ukivalisha matairi ya kawaida, nunua pia kompresa ndogo na vifaa vya pancha siku hiyo hiyo.

Kuhusu spea: baadhi ya Land Cruiser huifuatilia nayo. Ukishapima matairi manne, yote yako sawa na taa bado inawaka, nenda ukaipime hiyo ya tano.