Mbwa mkali njiani: kujikinga, kujitetea kisheria na kutibu jeraha

Mbwa akinijia kwa hasira, nifanye nini kwanza?

Usikimbie. Najua ni rahisi kusema, maana miguu huwa imeshaondoka kabla kichwa hakijaamua. Lakini hata kibwa kikonde cha mtaani kinakushinda mbio, na ukimpa mgongo ndipo anapokuona windo. Simama. Mikono ishushe, usimkodolee macho, mwangalie kwa pembeni. Kisha rudi nyuma taratibu huku umempa ubavu. Mbwa wengi wanaotoka getini wanabweka ili uondoke kwenye eneo lao, basi ondoka, ila kwa mwendo wa pole.

Jirani yangu anauza maziwa kwa baiskeli. Akifika kwenye nyumba yenye mbwa, hashindani naye kwa kasi. Anashuka, anaiweka baiskeli katikati yake na mbwa, anatembea nayo kama ukuta mpaka apite. Kwa miaka yote hiyo kilichong'atwa ni tairi. Huna baiskeli? Mkoba, kapu, mwavuli, hata kanga uliyoiviringa mkononi, chochote kinachoweza kuingia mdomoni mwake badala ya mguu wako.

Na ile ya kuinama kama unaokota jiwe? Kwa mbwa wa mitaani huku kwetu mara nyingi inafaa, kwa kuwa mawe wameshayaonja. Kwa mbwa wa ulinzi aliyefundishwa, au jike mwenye watoto, usiitegemee.

Ukianguka, jikunje: kidevu kifuani, vidole vimefungamana nyuma ya shingo, mikono imeziba masikio. Mtoto naye afundishwe hivyo, asimame kama mti, na akianguka awe kama jiwe. Kwa kimo chake, meno humfika usoni na shingoni kwa urahisi kuliko mtu mzima.

Nikimpiga, au akafa, nitashtakiwa?

Nazungumzia Tanzania Bara. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya mtu kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali, mradi nguvu anayotumia ilingane na hatari iliyopo. Mbwa amekurukia, una fimbo, umempiga: umejitetea. Amekufa kwa pigo hilo: utetezi wako bado upo.

Mambo hubadilika mbwa akishakimbia. Ukienda nyumbani, ukachukua panga, ukamfuata hadi uani kwa mwenyewe, hicho ni kisasi. Mbwa ni mali ya mtu, na kumuua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi bila sababu halali ni kosa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo inakataza ukatili. Wanaotupa nyama yenye sumu usiku waikumbuke, na wakumbuke pia kwamba asubuhi nyama hiyo inaweza kuokotwa na paka wa jirani au mtoto.

Nina sababu nyingine ya kukuomba umwache hai mbwa aliyekuuma, na kwangu mimi ina uzito kuliko hukumu yoyote. Mbwa ambaye mate yake tayari yana kirusi cha kichaa cha mbwa huwa amebakiza siku chache za kuishi. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo humfungia na kumtazama kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi siku ile alipokuuma hakukuambukiza, na daktari anaweza kusimamisha sindano zako za chanjo. Ukimuua, jibu hilo umelizika naye. Linabaki la kupima ubongo maabara, na ukishampasua kichwa kwa rungu hata hilo huwa gumu. Akitoroka au asijulikane ni wa nani, atachukuliwa kama mwenye kichaa. Na angalizo: sindano hazisubiri siku hizo 10 ziishe, zinaanza siku ileile.

Nimeng'atwa. Nianzie polisi au hospitali?

Anzia bombani. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 za saa, si za kukadiria. Wengi huosha dakika moja, damu ikipungua wakaridhika. Weka simu mbele yako uhesabu, utashangaa dakika 15 zilivyo ndefu. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa: kirusi hiki kimevaa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ingiza maji hadi ndani ya matundu ya meno. Ukiwa na iodini, paka baada ya hapo. Majivu, pilipili, mafuta ya taa na dawa ya meno viache vilipo.

Kisha hospitali, hata kama damu imekauka. Utapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ya pepopunda ikihitajika, na mara nyingine dawa ya kuzuia usaha. Jeraha lenye kina halikimbiliwi kushonwa, kwa kuwa kushona mapema kunaweza kukisukuma kirusi kwenye mishipa ya fahamu. Kama ngozi imetoboka au mate yamegusa jicho au mdomo, huongezwa kingamwili, yaani kinga iliyo tayari kufanya kazi, ambazo hudungwa ndani na pembeni mwa jeraha lenyewe.

Ni kweli zile sindano huchomwa kuzunguka kitovu?

Hizo ni za zamani. Siku hizi huchomwa begani, au kidogo kidogo kwenye ngozi, na ni chache: siku ya kuanza (ihesabu sifuri), ya 3, ya 7, na ratiba nyingine huendelea hadi ya 14 au ya 28. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa bila tatizo. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchoma mbili, akajiona mzima, akaacha.

Aliniparua kwa kucha tu, na mwenyewe anasema amechanjwa.

Mbwa hulamba makucha yake. Mparuzo uliochubua ngozi uoshwe na uonwe na daktari. Kuhusu chanjo, usiridhike na neno "amechanjwa", omba kadi uisome tarehe. Nenda hospitali na kadi hiyo, daktari ndiye aamue.

Umepita mwezi, sikwenda popote. Nimechelewa?

Nenda leo. Kirusi hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, kwa kawaida miezi 2 hadi 3, wakati mwingine wiki moja tu, na mara chache mwaka. Jeraha la kichwani lina safari fupi kuliko la kisiginoni. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, koo likimkaba kila akiona kikombe, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waling'atwa na mbwa.

Mwenye mbwa atawajibika?

Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kenya wana kifungu kinachofanana, cha 243. Hiyo ni jinai. Pembeni kuna madai ya fidia: matibabu, nauli, siku ulizokosa kazi. Katika madai haya mahakama huuliza kama mwenye mbwa alijua ukali wake, au alizembea kumfunga. Hapo kile kibao cha "Mbwa Mkali" kinageuka. Wengi hukitundika wakidhani kimewaondolea lawama, kumbe kinaweza kuwa ushahidi kwamba walijua. Aliyeruka ukuta usiku ana hadithi nyingine, bila shaka.

Chukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi. Tunza risiti zote, piga picha jeraha kabla halijafungwa, andika majina ya walioona. Ukomo wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3.

Mbwa wa jirani hufunguliwa kila alfajiri, hajaniuma bado. Nifanyeje?

Zungumza naye kwanza, mchana, si ukiwa bado unatetemeka. Ukishindwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mpe taarifa afisa mifugo wa kata, ambaye pia ndiye wa kuuliza lini chanjo ya mbwa itapita. Ikifikia mbwa 7 kati ya 10, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba waliutokomeza kwa njia hiyo, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena hadi ukatoweka. Malalamiko yako yaandike kwa tarehe na saa, na ubaki na nakala yenye muhuri. Akija kumuuma mtu, karatasi hiyo itaonyesha jirani aliambiwa lini.